Ramani Iuongoze Mkono Utoao

Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza sisi wa ofisi ya karani tuzungumze juu ya ramani. Twajua ya kuwa wengine wenu mlipoliona neno hilo katika karatasi ya ajenda mlijiuliza ramani zina uhusiano gani na mablanketi, karo za yatima na mabati ya wajane, ambavyo ndivyo kazi ya chama hiki. Twawaomba subira kidogo.

Mwajua nyote jinsi misaada yetu igawanywavyo. Barua huletwa kwa karani, naye huisoma mbele ya Kamati. Ikiwa mzee wa kijiji au mwalimu ameishuhudia, jina huandikwa katika orodha, na fedha zikiwapo hutolewa kwa zamu. Ni desturi njema, nayo imetulinda na udanganyifu mwingi. Lakini hebu yatazameni mambo yatanguliayo barua. Ili barua itufikie, sharti awepo mtu ajuaye kuandika, au jirani wa kumwandikia. Sharti mwenye haja awe amesikia habari za chama. Na aghalabu sharti awepo mwanachama wa mahali pale atakayesimama katika Kamati na kusema, "Huyu namjua." Ajuza aishiye ng'ambo ya mto, ambaye hana mtoto mjini wala mjukuu shuleni, hana hata kimoja katika hivyo vitatu. Hapana mtu aliyemkataa ajuza huyo, kwa maana hapana mtu aliyelisikia jina lake.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto wamelisema jambo hili waziwazi katika mikutano miwili iliyopita, na dakika za mikutano hiyo zipo. Wao hulipa ada kila mwezi sawasawa na sisi sote, nao wasema ya kuwa mabati huishia kando ya barabara kuu. Baadhi yao wamesema mambo yakiendelea hivi watajitenga waunde chama chao wenyewe. Wenzao wa barabarani nao wamejibu kwa ukali ya kuwa kila msaada ulitolewa kwa barua halali, na jibu hilo ni la kweli. Basi pande zote mbili zasema kweli, na bado chama chaelekea kuvunjika. Kamati imeona ya kuwa ugomvi wa namna hii hauwezi kukatwa kwa maneno ya mdomo, maana kila mmoja aliona kwa macho yake kijiji chake tu. Panatakiwa kitu ambacho wote waweza kukitazama kwa pamoja, wakanyosha kidole na kusema, "Hapa, na hapa, na hapa."

Jambo hili halikuanza kwetu. Mfano tuuonao kuwa bora kuliko yote watoka katika mji wa London. Alikuwako Bwana Charles Booth, mzaliwa wa Liverpool, mwenye kampuni ya meli, tajiri ambaye hakuwa na lazima ya kujisumbua na vichochoro vya maskini. Mwaka 1886 alianza kuchunguza hali za watu wa London, kazi ambayo aliifanya mpaka 1903, na mwisho wake ilijaza vitabu 17. Siku zile sadaka zilikuwa nyingi katika mji ule, na vyama vya hisani vilikuwa vingi pia; lakini hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika maskini walikuwa wangapi, wala walikaa njia ipi.

Sisi makarani twapenda sana namna alivyozipata habari zake. Bwana Booth hakwenda kugonga kila mlango. Aliwaendea wakaguzi wa Halmashauri ya Shule, watu ambao kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba wakiandika watoto waliopaswa kusoma. Kwa kupita huko mwaka baada ya mwaka walijua baba afanya kazi gani, mama afua nguo za nani, na chumba kimoja chalaza watu wangapi. Booth na wasaidizi wake waliwaketisha wakaguzi hao wakawauliza, wakaandika. Kisha majibu yakahamishwa juu ya ramani, na kila njia ikapakwa rangi yake. Rangi ya manjano ilikuwa ya matajiri, nyekundu ya wenye uwezo mzuri, ya waridi ya wenye riziki ya kutosha, na zambarau ya mahali palipochanganyika. Maskini walipakwa samawati nyepesi, maskini sana samawati nzito, na wa mwisho kabisa nyeusi. (Rangi hiyo nyeusi aliifuatisha na maneno makali juu ya tabia za watu wale, na hapo hatumsifu hata kidogo. Mwenye kupaka rangi hakuitwa awe hakimu.)

Hesabu ilipomalizika, ilionekana ya kuwa asilimia 30.7 ya watu wa London walikuwa katika umaskini. Hiyo ilikuwa karibu thuluthi ya watu wa mji uliokuwa na fedha kuliko miji yote ya dunia wakati ule. Lakini ramani yenyewe ilisema zaidi ya hesabu. Mtu aliyeitazama aliona barabara kuu imepakwa nyekundu pande zote mbili, maduka mazuri na nyumba nzuri, na nyuma yake, hatua chache tu, kichochoro cha samawati nzito au cheusi. Aliyepita barabarani kwa gari la farasi hangekiona kichochoro kile hata akipita kila siku kwa miaka 20. Nadhani ndugu zetu wa ng'ambo ya mto wataielewa ramani ile bila kufasiriwa.

Ramani ya kwanza ilitolewa mwaka 1889, na miaka kama kumi baadaye ilitengenezwa upya, wasaidizi wakitembea njia zote pamoja na askari wa polisi wa zamu, kwa kuwa watu huhama na njia hubadilika. Bwana Booth mwenyewe, alipokwisha kuona ya kuwa uzee ni sababu kubwa ya umaskini, alipigania wazee walipwe na serikali. Mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapa wazee maskini waliotimiza miaka 70 malipo yaliyofika shilingi 5 kwa juma.

Tuje nchini mwetu. Mwaka 2003 Ofisi Kuu ya Takwimu ya Kenya ilitoa kitabu cha ramani za umaskini zilizoshuka kutoka mkoa mpaka wilaya, tarafa na lokesheni. Ufundi wake wafaa kuelezwa, maana si mgumu. Mwaka 1997 palikuwa na uchunguzi wa nyumba chache, ambazo zilihojiwa kwa urefu juu ya chakula na matumizi yao yote. Mwaka 1999 palikuwa na sensa, ambayo huuliza nyumba zote, lakini huuliza mambo machache: mwenye nyumba amesoma mpaka wapi, maji yatoka wapi, na kadhalika. Wataalamu walitazama katika uchunguzi ule mdogo ni dalili zipi huandamana na umaskini, kisha wakazitafuta dalili hizo katika sensa kubwa, wakakadiria kila lokesheni ina maskini wangapi katika mia. Ni kazi ya makadirio, wala wenyewe hawakuficha.

Mwaka huo huo wa 2003 uliundwa Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge. Robo tatu ya fedha zake ziligawanywa sawasawa kwa majimbo yote, ambayo wakati ule yalikuwa 210, na robo moja ikagawanywa kwa kadiri ya umaskini wa kila jimbo. Baadaye, kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, kanuni ya kwanza ya kugawa fedha baina yao iliweka asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 kwa usawa, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa nchi, na 2 kwa uangalifu wa fedha. Twayataja haya ili mwone ya kuwa serikali yenyewe haigawi kwa kufuata barua peke yake. Chama kidogo kama chetu chaweza kujifunza kwayo bila kujivika ukubwa.

Hata hivyo wastani una hila zake. Mtu mmoja akiwa na ng'ombe kumi na jirani yake hana hata mmoja, wastani husema kila mmoja anao watano, na watoto wa yule jirani hulala bila maziwa. Lokesheni yetu ni pana. Barabara ya lami yaigusa pembe moja, na pembe nyingine hukatika mvua ikinyesha. Tarakimu moja kwa lokesheni nzima haitatuambia tuvuke mto au tusivuke. Kwa sababu hiyo ramani za serikali zatufikisha mlangoni tu, na ndani sharti tuingie wenyewe.

Bahati njema ni kuwa mlango wenyewe siku hizi hauna kufuli. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitimiza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua mpango wa takwimu zilizo wazi, ambamo hesabu za sensa ya 2009, matumizi ya fedha za serikali, na orodha za shule na zahanati ziliwekwa katika intaneti, apendaye azisome bila malipo. Mbio za siku ile ya kwanza hazikudumu, kama yatokeavyo kwa mambo mengi yazinduliwayo kwa shangwe, lakini mazoea yalikwisha kuanzishwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na vitabu vyake vyapatikana kwa kila mtu. Kimoja chaonyesha idadi ya watu mpaka lokesheni ndogo, na kingine chaeleza, kwa kila wilaya ndogo, nyumba ngapi zina mabati na ngapi nyasi, wangapi huteka maji mtoni, wangapi hupikia kuni. Sisi tulivisoma katika simu ya mkononi tukiwa katika foleni ya matatu.

Pamoja na hivyo ipo ramani huria ya dunia, iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Bwana Steve Coast. Ramani hiyo haina mwenyewe. Mtu yeyote aweza kuchora humo njia ya kijiji chake, kisima, shule au daraja, na mtu yeyote aweza kuichukua na kuipiga chapa bila kuomba ruhusa ya kulipia. Twaifananisha na kisima cha kijiji, ambacho aliyekichimba na asiyekichimba wote huteka, na wote hupaswa kukisafisha.

Juu ya matumizi yake hapana haja ya kwenda mbali, maana Kibera ipo hapa hapa Nairobi. Kwa miaka mingi Kibera ilikuwa na jina kubwa duniani, lakini juu ya ramani palikuwa patupu, kana kwamba hapakuwa na njia wala mlango. Magazeti na wageni walisema mara kwa mara ya kuwa watu wake walikuwa milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070, na ile ya 2019 ikahesabu 185,777 katika wilaya ndogo ya Kibra. Tukikubali ya kuwa sensa huweza kuwakosa watu katika vichochoro, bado pengo baina ya hesabu na uvumi ni kubwa mno. Wala hili si neno la kuwadharau watu wa Kibera, ambao shida zao ni za kweli kabisa. Twasema tu ya kuwa sadaka hufuata jina. Mahali palipopigwa picha sana hupewa sana, na mtaa mwingine wa mabanda ulio mwendo wa saa moja kwa miguu, wenye choo kimoja kwa ploti nzima, hungoja.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera wenyewe, wakisaidiwa na Bibi Erica Hagen na Bwana Mikel Maron, walianza kuchora mtaa wao. Walipewa vyombo vidogo vya kupokea alama za setilaiti, wakatembea kila kichochoro wakiandika mabomba, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti. Kazi hiyo ikaitwa Map Kibera, na baadaye ikafika Mathare na Mukuru. Shule ndizo zilizotufungua macho sisi. Shule nyingi za Kibera zilikuwa za watu binafsi, za makanisa na za vikundi, ambazo hazikuwamo katika orodha za serikali. Mtu aliyetaka kutoa madawati kwa kufuata orodha ya serikali asingezijua shule ambazo watoto walio wengi walisoma. Ramani ya vijana ilizitia mahali pake, kila moja na jina lake.

Jambo la kuangaliwa hapo ni mkono ulioshika kalamu. Wachoraji walikuwa wenyeji. Mgeni akitazama picha ya setilaiti huona paa, hajui ni kanisa au kinu cha kusaga. Mwenyeji ajua hata saa ambayo bomba hukauka.

Katika habari za mapaa ipo hadithi nyingine ya kwetu. Shirika liitwalo GiveDirectly, ambalo huwapa maskini fedha mkononi kwa njia ya simu, lilifanya kazi huko Rarieda kati ya 2011 na 2013, na baadaye katika vijiji vingine vya Siaya, likichagua nyumba zenye paa la nyasi. Uchunguzi mmoja uliofuata kazi hiyo uligusa vijiji 653. Sababu ya kuchagua nyasi ni wazi: paa laonekana, halihitaji maswali mengi, na mwenye uwezo hupenda kuezeka bati mapema. Wataalamu wengine hata walijaribu kuifundisha kompyuta kulitambua bati kwa mng'ao wake katika picha zilizopigwa kutoka angani, ili vijiji vyenye nyasi nyingi vijulikane kabla mtu hajafunga safari.

Twaisifu busara hiyo kwa kiasi. Kwa kuchagua vijiji ni dalili nzuri. Kwa kuchagua nyumba moja na kuiacha nyingine, sisi tuliozaliwa huko twajua mambo mengine. Mjane huweza kukaa chini ya mabati yaliyonunuliwa na marehemu mumewe, asiwe na unga ndani. Na mzee mwenye mifugo huweza kupenda nyumba ya nyasi kwa ubaridi wake. Tena, watu wakisikia ya kuwa nyasi huleta fedha, msishangae nyasi zikichipuka. Paa ni neno la kwanza katika mazungumzo, na mazungumzo yenyewe sharti yafanywe na mtu aliyeketi uani.

Huko Uingereza mashirika ya hisani yameongeza jambo ambalo sisi twaliona lafaa kuliko yote. Kwa kupitia mpango uitwao 360Giving, watoaji wengi hutangaza kwa namna moja wamempa nani, kiasi gani, mwaka gani, na mahali gani. Kwa hiyo mtu aweza kuona juu ya ramani haja ilipo na msaada uliokwisha kufika. Hapo huonekana mahali palipopewa na watatu, na mahali ambapo hapana aliyefika. Ramani ya haja peke yake huleta huruma. Lakini ikiwekwa juu ya ramani ya misaada, kila mtoaji hupata jambo la kufanya siku ya pili yake.

Basi Kamati yaleta mbele yenu pendekezo, nalo mtalipigia kura baada ya chai. Twataka ramani huria ya lokesheni yetu ipigwe chapa katika karatasi kubwa, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko blanketi chache. Juu yake, Bwana Mweka Hazina na sisi tutatia alama ya kila msaada ulioandikwa katika vitabu vya hesabu kwa miaka mitano iliyopita, bila jina la mtu, kwa kijiji tu. Kila mwanachama ataweza kuja kuitazama. Twakiri hatujui alama hizo zitaangukia wapi, na tumejizuia kubashiri, ili mtu asiseme baadaye ya kuwa ofisi ilikuwa na upande.

Kisha, wakati wa likizo ya Agosti, vijana wetu walio shuleni na vyuoni watatembea vijiji vyote, pande zote mbili za mto, wakitia katika ramani mambo ambayo haina: visima, vivuko, njia za miguu, shule za chekechea, vinu, na mahali ambapo gari la wagonjwa laweza kufika na mahali lisipoweza. Watafuatana na mtu wa kijiji hicho hicho, na haipendezi wapite shambani kwa mtu kabla ya kupiga hodi. Hapa yatupasa kuwaomba msaada wahamasishaji wa afya ya jamii. Mtakumbuka ya kuwa mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwatuma wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja akiwa na nyumba zake kama mia moja za kuzitembelea. Hao ndio wakaguzi wa Bwana Booth wa siku zetu. Wao wajua nyumba ipi ina kizee peke yake, na ipi watoto wanalea watoto.

Lakini wajua pia na magonjwa ya watu, nayo hatutayauliza. Jambo hili twataka likae katika dakika kwa maneno mazito. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakataza habari za mtu kutumiwa ovyo ovyo, na za afya hasa. Na hata kama sheria isingekuwako, adabu yetu ingetosha. Ramani itakayobandikwa ukutani na kuwekwa katika intaneti itaonyesha kisima, shule, daraja na njia. Nyumba ya mwenye shida haitatiwa humo kamwe. Yule ajuza wa ng'ambo ya mto hataki wapita njia wote wa dunia wajue ya kuwa mlango wake hauna komeo. Orodha ya majina itaandikwa kwa mkono, itafungiwa katika sanduku la chama lenye funguo mbili, na itasomwa na watu watatu tu ambao ninyi wenyewe mtawachagua. Mwenye haja atakayesema hataki jina lake liandikwe, halitaandikwa, naye hatanyimwa msaada kwa sababu hiyo.

Wazee wawili wametuuliza swali ambalo twalijibu mbele ya wote, maana ni swali la haki. Wamesema: mkiishika ramani, je, barua zitatupwa? Hapana. Kamati yapendekeza ya kuwa nusu ya fedha za karo na mabati iendelee kutolewa kwa barua kama ilivyo sasa, na nusu ya pili itolewe kwa kufuata ramani, mahali penye haja kubwa na msaada mdogo pakitangulia. Tuseme mwakani tuna shilingi 60,000: basi 30,000 zitangoja barua, na 30,000 zitakwenda kuwatafuta wale wasioandika barua. Baada ya mwaka mmoja hesabu zote mbili zitasomwa hapa kwa pamoja, nanyi mtaamua iwapo mgawanyo huo ubadilishwe.

Wengine watasema ya kuwa sensa zenyewe zina makosa. Ni kweli, mwaka 2010 waziri aliyehusika aliyakataa matokeo ya sensa ya 2009 kwa wilaya 8 za kaskazini, kwa kuwa idadi zilikuwa zimepanda kuliko ilivyowezekana. Ndiyo maana hatukupendekeza fedha zifuate tarakimu za vitabu peke yake, bali tumewaombea vijana viatu. Kijana akirudi na kusema ya kuwa shule iliyoandikwa katika orodha haipo, tutaifuta. Akisema ipo na haina paa, tutaiandika hivyo.

Na ikiwa alama za Bwana Mweka Hazina zitaonyesha ya kuwa pande zote mbili za mto zilipewa sawasawa, ndugu zetu wa ng'ambo wameahidi mbele ya Mwenyekiti ya kuwa watalinyamazia neno la kujitenga. Ikiwa zitaonyesha vingine, wale wa barabarani nao wameahidi kungoja mwaka mmoja bila kunung'unika. Ahadi hizo mbili zimeandikwa na kutiwa sahihi, nazo zimo katika faili ya dakika.

Karatasi ya mfano imebandikwa ukutani, mkono wa kushoto wa mlango, na kalamu ya risasi imefungwa hapo kwa uzi. Tuliipiga chapa juzi kama ilivyo katika ramani huria, bila kuongeza kitu. Twawaomba wakati wa chai mpite hapo, na kila aijuaye njia isiyochorwa aichore. Njia ya kwenda kanisani imo, na soko limo. Daraja la miti, ambalo watoto wa ng'ambo huvukia kwenda shule, hadi asubuhi hii lilikuwa halimo.